Bei ya Achari ya Mama Gurdip

Kila Juni ilipofika, Mohamednoor, muuza matunda wa Stratford Road, Birmingham, alijua kuna siku moja ambayo angeuza maembe mabichi na asione faida. Ilikuwa siku ya Mama Gurdip.

Mwaka ule wa 2006 alikuja na Lucie, mke wa mwanawe Gurdip, msichana mrefu wa Bukavu asiye na maneno mengi. Mama Gurdip aliokota embe, akalichoma ukucha karibu na kikonyo, akanusa, akalirudisha kana kwamba limemtukana.

"Haya yamelala," akasema.

"Mama, yameshuka kwenye ndege jana."

"Basi yalilala kwenye ndege."

Mohamednoor alicheka. Yeye ni mtu wa Garissa, na katika mtaa mzima ni huyu mama wa Kikalasinga peke yake aliyemgombeza kwa Kiswahili. Mama alipotaja bei, alitikisa kichwa: "Hata Kisumu hungepata kwa bei hiyo."

"Kisumu ningepewa na kikapu."

Alipata bei yake. Kikapu hakupata, ila aliondoka na fungu la pilipili ambalo hakuna aliyekumbuka kumpa. Masanduku ya maembe aliyabeba Lucie, kwa maana vifundo vya mikono ya Mama Gurdip vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, na hata kufungua mfuniko wa chupa ilikuwa kazi ya kuitia watu.

Jina hasa la Mama Gurdip ni Jasbir. Alizaliwa Kisumu, na angali mtoto mdogo mama yake alikuwa akimtuma sokoni peke yake ili ajifunze kuibiwa. Aliibiwa mara mbili tu. Birmingham alifika akiwa bibi harusi, akashona mikono ya makoti nyumbani kwa malipo ya kila koti, kisha akakodi meza ya vitambaa sokoni mjini, na meza ile ndiyo iliyonunua nyumba ya Sparkhill. Hakuwa mtu wa kulia. Siku aliyomzika mumewe, Balwinder, alimrudisha mpishi jikoni akapime upya mchele.

Achari ilikuwa ya ukoo wa Balwinder. Baba mkwe, seremala wa reli kule Kisumu, aliunda ubao wa kukatia maembe: kipande cha mvule, na juu yake kisu kizito kilichofungwa kwa bawaba, chenye nguvu ya kupasua embe pamoja na kokwa. Embe hukatwa, hulazwa kwenye chumvi na manjano, huchujwa, huanikwa, ndipo hukutana na shamari, uwatu, habasoda na mafuta ya haradali. Kule Kisumu lilianikwa juani. Birmingham jua halina ahadi, kwa hiyo kila Juni vitanda vyote vya ghorofani vilitandikwa shuka kuukuu, maembe yakamwagwa juu, na mitambo ya kupasha nyumba joto ikawashwa kama kwenye baridi ya Januari. Marehemu Balwinder alikuwa akilala kwenye sofa mpaka vitanda viwe huru.

Sheria ya ukoo ilikuwa moja: achari hufundishwa mkaza mwana. Binti hafundishwi, maana binti atakwenda kuinenepesha nyumba ya watu. Jasbir hakuona ubaya wa sheria hiyo. Mama mkwe mwenye kitu mkononi huamkiwa vizuri asubuhi.

Na mwaka ule alikuwa na haja ya kitu mkononi. Gurdip na Lucie walikuwa wamepata nyumba Castle Vale, ng'ambo ya pili ya mji, na walikusudia kuhama kwake kabla ya Agosti. Jasbir hakumwambia mtu kwamba hataki kubaki peke yake. Kusema shida yako mbele ya mnunuzi ni kushusha bei. Alingoja maembe.

Jikoni, Lucie aliketi kwenye ubao na kuanza kukata. Alikata vizuri, alikuwa amekua akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na mikono yake ilikuwa na uzito unaotakiwa. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja chake, kwa sababu Kiingereza cha Lucie kilikuwa bado kichanga na Kifaransa Jasbir hakukitaka.

"Lucie, hii achari kila nyumba ya Kisumu ilikuja kuomba."

"Niko nasikia, Mama."

"Mimi nafundisha wewe yote. Mafuta, viungo, siku ya kuanika, yote. Lakini si kazi ya mwaka mmoja. Mtu lazima akae hapa. Miaka minne, mitano."

Kisu kilishuka, embe likapasuka. Lucie aliziweka nusu mbili kando kabla ya kujibu.

"Mama, Castle Vale tutaenda tu."

"Miaka mitatu."

"Mama."

"Na ubao nakupa. Mvule huu hupati popote."

"Mama, sikiliza, usikasirike. Achari yako ni nzuri sana. Lakini mimi niko na pilipili ya kusaga ya mama yangu. Nikitoka kazini, ile ndiyo mikono yangu inataka kufanya. Nikichukua yako, ile ya mama nitaiweka wapi?"

Jasbir alifungua kinywa kutaja miaka miwili, akakifunga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na yeye, baada ya miaka yote ya sokoni, alikuwa amejikuta akikitembeza kizuri kama muuza soksi mlangoni. Bidhaa haikuwa na kosa. Kosa ni la muuzaji aliyemganda mtu asiyenunua, huku mnunuzi wa kweli akimfukuza kwa sheria.

"Kata ndogo zaidi," alisema. "Hiyo ni saizi ya ng'ombe."

Mnunuzi wa kweli alikuwa Amrita, bintiye, mhasibu wa Sutton Coldfield, ambaye kila mwaka aliomba afundishwe na kila mwaka aliambiwa akaombe kwa mama mkwe wake. Jasbir alimpigia simu jioni ileile. Alizungumza Kiswahili makusudi. Amrita alikijua tangu utotoni, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo wazazi walifichia mambo, na hakuna shule ishindayo hiyo. Kujibu alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Bado unataka achari?"

"Mami, nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nauliza kama unataka."

"Na ile sheria?"

"Sheria waliitunga watu ambao mkaza mwana wao hakuwa na pilipili. Unataka ama hutaki?"

"Nataka. Nije Jumamosi uniandikie?"

"Siandiki. Unakuja kila Ijumaa, unalala mpaka Jumapili. Mwaka mzima."

"Mwaka mzima? Achari ni ya Juni."

"Ndimu ni ya Desemba. Karoti ni ya Februari. Wewe ulifikiri ni embe tu?"

"Mami, nina watoto."

"Walete. Wana mikono."

Amrita alisema mara moja kwa mwezi. Jasbir alisema achari ya mara moja kwa mwezi hata Mohamednoor anaweza kuiuza kwenye chupa. Walikubaliana Ijumaa mbili kwa mwezi, na mwezi wa Juni wote. Jasbir angekubali moja. Alijua hivyo, na alikata simu upesi kabla sauti haijamsaliti.

Lucie alikuwa mlangoni akifuta manjano viganjani. Alikuwa amesikia.

"Mama, na mimi nitakuja kukata. Amrita hana mikono ya hii kazi."

"Unataka nini?"

"Mtungi mmoja."

"Nusu."

"Mmoja, na Gurdip atakuja kukuchukua kila Jumapili ule kwetu."

Jasbir alimgeukia mkaza mwana wake. Alikuwa ameishi naye nyumba moja karibu miaka miwili, akidhani ni mtu wa kukubali tu.

"Kwenu mnaweka pilipili nyingi mno," alisema. "Jumapili, sawa. Sasa panda juu utandike vitanda."