Singo ya Chumvi ya Mbuzi

Halima, mke wa mwenye duka hapa Kanyakine, alinifundisha kusugua ngozi kwa singo: unga wa wimbi, asali na chumvi. Chumvi nilikuwa nachota kimyakimya kwa mama mkwe, ile ya kulambisha mbuzi. Ngozi yangu, jamani, hata Emajensi hii, hali ya hatari ya Mwingereza dhidi ya Mau Mau, haijaiweza!

Juzi jioni nimeshajipaka mwili mzima, homgadi, walinzi wa serikali hapa kijijini, wakapuliza filimbi: wote uwanjani! Nikajitupia blanketi, nikakimbia.

"Mama, unaficha nini humo?" homgadi mmoja akaninyooshea bunduki.

"Ni baridi tu, bwana."

Mbuzi walikuwa wanarudi kutoka malishoni. Wakanizunguka, wakavuta blanketi hadi nikabaki na leso, wakaanza kuniramba miguu. Homgadi alicheka mpaka bunduki ikashuka. Mama mkwe peke yake hakucheka.

"Kumbe chumvi yangu huwa inaishia hapa!"