Anwani Niliyomficha

Nisimung'unye maneno: yule binti nilimharibia kazi mimi mwenyewe, na nilifurahia.

Alikuja Katesh akitokea chuoni, kwenye kituo chetu cha chanjo za ng'ombe, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Asubuhi ya kwanza alitukuta kwenye benchi, wazee wa kijiji cha Gehandu na mimi katikati yao. Akawapa shikamoo mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasema, "Mambo?" kisha akaendelea na mzee aliyefuata. Mimi nina mtoto anayelingana naye! Wazee wakacheka chinichini. Nikasema moyoni, huyu atajua hajui.

Kazi yake ilikuwa moja tu: kuunganisha seva ya ofisini, inayopokea taarifa za chanjo kutoka simu za wafugaji, na kanzidata, yaani ghala la taarifa, tuliyokodi huko kwenye wingu, kwenye kompyuta za mbali za mtandaoni. Meneja alimwambia wazi kwamba mwezi ukiisha bila seva kuunganika, hana ajira. Sasa, kanzidata ile haiipokei seva yoyote ambayo anwani yake ya mtandao haimo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Orodha hiyo niliishika mimi peke yangu. Chuoni walijifunzia seva na kanzidata zikiwa ndani ya kompyuta moja, ambako orodha haihitajiki, kwa hiyo hata hakujua kwamba ipo.

Wiki ya mwisho alihangaika kweli. Seva inangoja, inangoja, halafu inakata. Alifuta programu yote akaiandika upya, macho mekundu. Mara mbili alinifuata kuniuliza kwa upole kama kuna kitu amesahau. Nikamwambia arudie kusoma kazi yake, nikauchuna, nikaendelea na hindi langu la kuchoma.

Siku ya mwisho meneja alisimama nyuma yake mpaka seva ikakata. Hakumgombeza. Alimwambia tu akusanye vitu vyake.

Alipotoka kwenda kuwaaga wa jikoni, niliingiza anwani ya seva kwenye orodha. Haikuchukua hata dakika. Taarifa za chanjo za wafugaji wa Basotu zikaanza kumiminika kwenye skrini, na meneja akanishika bega, akasema kazi hii angenipa mimi tangu mwanzo.

Binti akarudi kuchukua begi lake, akaona.

"Nilikosea wapi?" akauliza.

"Hukukosea mahali pamoja tu," nikamwambia. "Kichwa chako tu hakiwezi kazi hii."

Akanishukuru, akaenda stendi. Siku hizi anauza mitumba Babati, kompyuta haigusi, na akiulizwa kwa nini, anasema kichwa chake hakiwezi.