Matanga ya Baba, Etterbeek

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nimejifungia chumbani kwangu Etterbeek, hapa Brussels, taa sikuwasha. Baba yangu alikuwa amekufa kule Kasai, na sikuwa nimemwambia mtu.

Utaniuliza, na Matonge je, mtaa wetu Wakongo? Bon. Matonge palijaa watu wa Katanga, na Katanga ndiko tulikofukuzwa. Nilizaliwa Lubumbashi, hukohuko Katanga, nikasomea udaktari palepale, lakini iliposemwa wenye asili ya Kasai warudi kwao, wenzangu wa darasani ndio walionisukuma nje. Basi hapa Brussels, nikisikia Kiswahili cha kwetu barabarani, nilikuwa navuka upande wa pili. Upweke ulinitafuna, kiburi kikanizuia kusema.

Aliyegonga mlango alikuwa daktari mzee aliyenifundisha hospitalini, Myahudi wa Poland. Aliona sifiki kazini, akauliza mpaka akajua. Akaweka mezani mayai ya kuchemsha, chakula chao cha msiba, akageuza kreti ya bia, akaketi, kimya. Kwao Wayahudi, anayekuja msibani hasemi kitu mpaka mfiwa aanze. Mimi nilidhani amekuja kunichunguza. Tulikaa hivyo, weh, hadi nikashindwa, nikalia.

Ndipo akanieleza kwamba naye alitolewa chuo cha udaktari kwao kwa sababu ya Uyahudi wake, na waliomtoa walikuwa wakipasua maiti meza moja naye. Akakimbilia hapa, akamaliza masomo, akawa daktari mkubwa. Habari za kifo cha mama yake zilipomfikia, alifunga mlango, akalia peke yake. Tangu siku hiyo akawakwepa watu wote wa kwao, wabaya na wema.

"Shule walikunyang'anya," akasema. "Na kilio cha baba yako nacho unawapa kwa mkono wako mwenyewe?"

Kesho yake nikaenda Matonge. Maman mmoja wa Likasi, kulekule Katanga, muuza pondu, yale majani ya muhogo, nilimwambia tu baba amekufa.

"Na umelala peke yako na kilio, mutoto yangu?"

Akafunga duka. Jioni ile chumba kilijaa watu wa Katanga, wakimlilia baba yangu wa Kasai.

Donc, mwanangu, waliokuumiza wana majina yao. Usiwaongezee taifa zima. Yule mzee alipokufa, tuliomzika tulikuwa wanafunzi wake, Wakongo wengi. Hapakuwa na hata mmoja wa kumwita kwa jina alilopewa na mama yake. Mungu akuepushe na hilo, akupe watu wa kukulilia kwa lugha yako.