Siku Ambayo Sikusimama Kibabii

Barua ilikuja kwa jina la mume wangu. Nilifungua sanduku letu la posta pale Kitale karibu miezi miwili baada ya kumzika, kwa sababu ufunguo wake ulikuwa pamoja na funguo zake zingine na sikuwa nimepata nguvu ya kuzishika. Ndani nilikuta kalenda ya duka la mbegu, bili ya maji, na bahasha ya kahawia yenye muhuri wa kituo cha polisi cha upande wa Bungoma.

Niliishia darasa la nane, na Kiingereza cha polisi ni kigumu. Niliisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari. Ilisema kwamba yeye, dereva wa pikapu yetu, anadaiwa kuligonga gari lililokuwa limeegeshwa kando ya barabara karibu na Kibabii, akavunja kioo chake cha pembeni, kisha akatoroka. Afike kituoni au ajibu kwa maandishi kabla ya siku kumi na nne kwisha. Nikihesabu kutoka tarehe ya muhuri, zilikuwa zimebaki nne.

Ndipo nikaangalia tarehe ya tukio. Ilikuwa Jumamosi ya mazishi.

Mume wangu alipita Kibabii siku hiyo, hilo ni kweli. Alipita akiwa ndani ya jeneza.

Aliyeendesha pikapu nilikuwa mimi. Watu walishangaa kumwona mjane akishika usukani, lakini hakukuwa na mwingine aliyeijua. Gia yake ya pili inataka kubembelezwa. Tuliuchukua mwili mochari ya Bungoma asubuhi, tukaanza safari ya kwenda kwao Sirisia. Gari lenye mwili lilitangulia, magari mengine yakafuata, na mimi nilikuwa wa mwisho. Kando yangu alikaa senge, yaani shangazi wa mume wangu, na dirishani wifi yangu. Tulikuwa tumewasha taa, na matawi tumeyafunga kwa kamba ya katani mbele ya gari na kwenye vioo vya pembeni, vyote viwili.

Wazazi wangu walitoka sehemu za kati za nchi wakanunua shamba Trans-Nzoia. Kwetu, gari la msiba likitaka kusimama linasimama, watu wananunua maji. Kwa watu wa mume wangu sivyo. Senge aliniambia kabla sijawasha injini: mwili ukishaanza safari, hakuna kusimama njiani, wala kwa wale wanaousindikiza. Ukisimama, marehemu atadhani amefika, abaki hapo.

Pale Kibabii barabara ilikuwa imejaa wanafunzi na bodaboda. Wenzangu wakanitangulia, nikaachwa nyuma. Basi likaja kutoka mbele, nikasogea kushoto, na nikasikia "ta!", sauti ndogo kama ya mtu aliyegonga bati kwa kijiko. Mguu wangu ulienda kwenye breki wenyewe.

"Endesha!" senge akasema. "Hapa si nyumbani kwake."

Nikaendesha.

Sasa, mume wangu ndiye aliyenifundisha gari, na alinifundisha kanuni moja kuliko zote: ukigusa kitu, hata kama ni kuku, simama, shuka, uangalie. Mwenyewe aliifuata. Mwaka mmoja alikanyaga bata kwenye barabara ya Ndalu, akazunguka nyumba kwa nyumba amemshika miguu, akiuliza ni wa nani. Nyumba ya tano wakamwambia bata si wao, lakini kama amechoka kumbeba wanaweza kumsaidia kumpika. Na mimi siku ya kumpeleka yeye mwenyewe, niligusa kitu na sikushuka.

Wifi yangu anakaa Kitale pia. Alikuja mchana huo, akaisoma barua akiwa bado amesimama.

"Imeandikiwa nani?" akaniuliza.

"Ndugu yako."

"Basi! Tangu lini wewe unajibu barua za watu? Peleka kopi ya cheti cha kifo, sema mwenyewe alishaenda. Watamshika wapi, bana? Wachimbe?"

Nilicheka. Naye akacheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na tulipomaliza kucheka tulifuta macho, kila mtu akiangalia upande wake.

"Lakini ulisikia," nikamwambia. "Ulikuwa dirishani."

"Nilisikia. Ati nikaandike? Na wewe ukisema ni wewe, wakuchukue leseni, kabichi utazibeba na kichwa mpaka Ndalu?"

Hapo alisema kweli. Kila Jumanne napeleka kabichi na vitunguu soko la Ndalu, na bila leseni pikapu ingelala uani mpaka kuku watage ndani yake. Lakini niliwaza lile faili. Wangeweka cheti cha kifo juu ya barua, wangefunga, na ndani yake ingebaki kwamba mume wangu aligonga akatoroka. Mtu aliyezunguka na bata. Hakukuwa na mtu mwingine wa kulitoa jina lake pale ila mimi.

Wifi alipoondoka nilichukua daftari, nikaandika kwa Kiswahili: "Mwenye gari alikuwa ameshafariki. Dereva nilikuwa mimi, mke wake. Sikujua kama nimegonga kitu."

Niliisoma. Ilikuwa barua nzuri. Kisha nikatoka kuangalia pikapu. Kipande cha kamba ya katani bado kilikuwa kimefungwa kwenye kioo cha kushoto, na pembeni ya kioo kulikuwa na alama nyeupe, ndefu kama kidole. Pikapu yetu ni ya kijani. Nilikuwa nimeiendesha wiki zote hizo, na upande huo sikuwa nimeuangalia hata mara moja. Hilo pia lilinipa jibu: nilikuwa najua.

Nikarudi ndani, nikang'oa ile karatasi. Nikaandika tena: "Nilisikia sauti, nikadhani ni tawi." Hilo la tawi nalo lilinisumbua mpaka chai ikapoa. Mwishowe nilikata, nikaandika ilivyokuwa: "Nilisikia sauti. Nilitaka iwe ni tawi. Sikushuka kuangalia."

Jumatatu nilienda mwenyewe, na pikapu, kwa sababu niliona ni haki waione. Afisa wa zamu alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alisoma barua yangu polepole, akaigeuza kuangalia nyuma kama kuna zaidi.

"Mama, hii umeandikiwa na wakili?"

"Hapana, nimeandika mimi."

"Inaonekana. Wakili hangeandika hivi."

Akampigia simu mlalamikaji, mwalimu mstaafu anayeishi karibu na Kibabii. Alifika na bodaboda kabla ya saa moja kupita, mzee mwembamba mwenye koti la mvua, amebeba mfuko wa karatasi. Akayamwaga yaliyomo juu ya kaunta: kioo chake, vipande vyote, pamoja na majani mawili yaliyokauka.

"Yuko wapi huyo kijana?" akauliza.

"Mwalimu, ni huyu mama," afisa akasema.

Mzee akanitazama. "Huyu? Si mimi nilijua ni vijana! Majani kwenye gari, taa zinawaka mchana, nikasema ni hawa wa mahafali, wameshalewa. Nimewatukana miezi miwili."

"Yalikuwa mazishi," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Ya huyo mliyemwandikia barua."

Akaanza kukusanya vipande vya kioo, kimoja kimoja, kana kwamba amevimwaga kwenye meza ya mtu mwingine.

"Mlikuwa mnampeleka wapi?"

"Sirisia."

"Na hamkusimama mpaka Sirisia?"

"Mpaka langoni kwao."

"Hapo mlifanya vizuri. Hata mimi nisingesimama." Akafunga mfuko. "Lakini mama, ungerudi. Kumsindikiza kunaisha. Hata Jumatatu yake, ungerudi."

Nilikuwa nimekuja na mila mdomoni, tayari kuieleza, na mzee huyu aliyeijua kuliko mimi akaniachia nusu yake tu. Nusu nyingine ilikuwa yangu. Senge alinikataza kusimama. Kurudi, hakuna aliyenikataza.

"Ni kweli," nikasema. "Ningerudi. Nisamehe, mwalimu."

"Sasa si umerudi," akasema. "Umechelewa, lakini umerudi."

Afisa akasema sheria haijui matawi wala haijui kilio, na dereva akigusa lazima asimame. Akanionya vikali, mimi nikiwa nimesimama wima kama mwanafunzi. Mwalimu akasema yeye hataki mahakama, anataka kuona nyuma anapoendesha. Tukakubaliana nimwekee kioo kingine siku hiyo hiyo. Leseni yangu, iliyokuwa juu ya kaunta muda huo wote, afisa aliisukuma kwangu kwa kidole.

Kisha akachukua rula. Akapiga mstari juu ya jina la mume wangu, ulionyooka, na juu yake akaandika langu. Nililisoma kichwa chini kutoka upande wangu wa kaunta.

"Kitabu cha gari kiko kwa jina la nani?"

"Lake."

"Nenda ubadilishe. Siku nyingine tukitaka kuandika, tukuandikie wewe."

"Siku nyingine tena?"

"Mama, unaendesha Kenya hii," akasema, na akacheka.

Mwalimu akarudi kwake kuchukua gari, na fundi mmoja wa Bungoma mjini alikuwa na kioo cha gari la aina ile. Alipokuwa akikifunga nilimsimulia mwalimu habari za bata. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari lake. "Na walimpika?" akauliza. Nikamwambia mwenye bata alipatikana nyumba ya nane, na akamlazimisha mume wangu kukaa kula.

Nilirudi Kitale kwa njia ya Kibabii. Pale pahali niliwasha indiketa, nikasogea kando, nikasimama. Nikashuka, nikaangalia. Kulikuwa na kokoto, ganda la muwa, na wasichana wawili wa chuo wakingoja kuvuka. Niliikata ile kamba ya katani kwa meno, kwa sababu sikuwa na kisu, nikakigeuza kioo mpaka nikaiona barabara yote nyuma yangu.

Kisha nikaondoka. Kesho yake ilikuwa Jumanne, na kabichi zilikuwa bado shambani.