Kidole Kimoja Chini ya Shali

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la hesabu. Nilichukua idadi ya wanafunzi ambao chuo kimoja cha ng'ambo, nilichotaka kuomba, huwakubali kila mwaka, nikaigawa kwa idadi ya wanaoomba, na jibu nililopata nikalifanya kuwa nafasi ya kila mtu. Kisha nikaanza kuongeza na kupunguza. Alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne, ongeza. Kiingereza kisicho na dosari, ongeza. Mwaka uliopotea shuleni, punguza. Nilijifunza haya yote mwenyewe, kwa simu, nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya feni sebuleni kwetu. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna aliyenisahihisha.

Jedwali langu lilikuwa na safu mbili. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya rafiki yangu, aliyekuwa akiomba chuo hichohicho, na ambaye hakuwa ameniomba nimpigie hesabu yoyote.

Tulimaliza shule moja hapa Garissa. Mimi ni mtoto wa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka bara kabla sijaanza kutembea. Yeye alitoka upande wa Balambala, kwa wafugaji, akawa anakaa mjini kwa mjomba wake, dalali katika soko la mifugo. Alinizidi umri, kwa sababu ukame ulipouma aliacha shule mwaka mzima, akafuatana na wanyama wa baba yake hadi pande za Ijara. Aliporudi walimweka darasani kwetu, na muhula huohuo akanipita katika fizikia. Mwisho wa yote mimi nilipata A na yeye A ya kutoa, lakini ile fizikia sijaisahau.

Kwa hiyo nililipenda jedwali langu. Kila nilipolifungua, safu yangu ilikuwa juu ya yake.

Siku moja nikamsikiliza kwenye video mwanamke aliyewahi kufanya kazi ya kusoma maombi katika chuo cha namna ile. Alisema kwamba hawawapangi waombaji wote katika mstari mmoja. Huangalia kwanza mtu ametoka wapi, alipewa nini huko, kisha amefanya nini na hicho alichopewa. Niliirudisha video, nikasikiliza tena, nikairudisha mara nyingine, si kwa sababu sikuelewa. Nyumbani kwetu kulikuwa na rafu ya vitabu, umeme, na mama wa kunisahihishia insha. Yeye alikuwa amesoma nusu ya silabasi ya kidato cha pili akiwa na kitabu kilichokatika jalada, nyuma ya ngamia.

Nilirudi kwenye jedwali. Mahali nilipoandika punguza, nikaandika ongeza. Safu yake ikapanda, ikaipita yangu, na haikuipita kidogo.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilimwonea wivu kwa ule ukame. Ng'ombe wa baba yake walikufa, mdogo wake wa kike akalazwa kwa utapiamlo, na mimi, niliyekuwa nikila wali na maharagwe chini ya feni, niliona amepata bahati ambayo mimi sikupata. Nikaanza kupekua maisha yangu kutafuta dhiki. Nilikumbuka mafuriko ya Tana yaliyofika hadi ngazi za nyumba yetu, nikaanza kuyaandikia insha, nikaandika aya mbili nzuri za maji na matope. Mama alisoma, akaniuliza kwa upole kama nimesahau kwamba mwezi ule nilikuwa kwa nyanya, bara. Sikuwa nimesahau.

Insha ya rafiki yangu aliniletea nimwekee alama za vituo. Iliuhusu wakati wa jioni, wana-mbuzi wanapofunguliwa na kila mmoja hana budi kupata ziwa la mama yake, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapeleka. Aliandika kwamba mwaka ule wa ukame jioni zilikuwa fupi, kwa sababu hakukuwa na wengi wa kupeleka. Niliirekebisha insha nzima. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nilimwambia ni ya kitoto, aitoe.

Akacheka. "Iache. Mwalimu wa mkato na nukta, wewe weka mkato tu."

Nikaweka mkato.

Baada ya hapo habari ikafika kutoka Balambala. Baba yake alisema kijana arudi, wanyama hawana mtu, na kama shule imekwisha, anangoja nini mjini? Kilichobaki kilikuwa kingi: mtihani wa kwenda kuufanyia Nairobi, fomu za mtandaoni, na huenda mahojiano kwa simu. Kule malishoni mtandao hushikwa ukipanda kilima, na kilima chenyewe huenda kiko mbali na maji. Angerudi, ombi lingekufa. Uamuzi ukawa wa mjomba, kwa sababu yeye ndiye angembishia au kumkubalia shemeji yake. Mjomba akaniita sokoni nimwambie mpwa wake ana nafasi gani.

Nilimkuta kando ya kundi la ng'ombe waliokuwa wakipigwa bei, vumbi hadi kwenye nyusi. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando yetu, na madalali wengine watatu wanne walikuwa hapo wakijifanya hawasikilizi. Nilikuwa nimebeba simu, jedwali tayari limefunguliwa. Nilianza kumweleza asilimia. Akanikatiza.

"Warya, wewe kijana, mtoto ya mwalimu. Funga simu. Mtu yangu hahesabiwi kwa mdomo, hapa mbele ya watu."

Nilijua hilo. Nimekulia hapa, nilijua kwamba mfugaji haulizwi ana wanyama wangapi, na kwamba mtoto hasifiwi bila kutaja jina la Mungu. Lakini sikuwa nimewahi kulihusisha na jedwali langu.

Akautoa mkono wake, akatandaza shali yake juu yake. Ndivyo wanavyopatana bei pale sokoni: mkono ndani ya mkono, nguo juu, muuzaji na mnunuzi wakiambiana kwa vidole, na aliye kando haoni kitu.

"Vidole kumi ni hakika," akasema. "Nipe yake."

Nikauingiza mkono wangu. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu. Nilikuwa na jedwali la zamani kichwani, lile lenye punguza, na kwa hilo ningemshika ncha ya kidole, ukucha tu. Hakuna ambaye angejua. Hata rafiki yangu hangejua. Angerudi kwao akiamini ni hesabu iliyomrudisha, na mwaka ule ningekuwa peke yangu kutoka shule yetu. Nilikaa na mkono chini ya shali kwa muda uliomfanya dalali mmoja aseme, "Huyu ananunua ama anaomba posa?" Wakacheka.

Nikashika kidole kimoja, kizima, kutoka shinani.

Mjomba aliniangalia. "Hicho tu?"

"Hicho, abti," nikasema, nikimwita mjomba kama rafiki yangu alivyomwita. "Na ni kingi. Changu hakifiki."

Akautoa mkono, akajifuta kwa shali. "Mimi nimenunua ngamia mgonjwa kwa tumaini ndogo kuliko hiyo," akamwambia mpwa wake. "Kaa mjini. Baba yako nitaongea na yeye."

Rafiki yangu alikubaliwa. Mimi nilikataliwa, kwa barua pepe ya adabu sana, siku hiyohiyo. Alikuja kwetu kunionyesha simu yake, na mama akamkumbatia kabla yangu. Watu wawili watatu waliniambia nilikuwa nimeona mbali. Sikuona mbali. Kidole kimoja kati ya kumi maana yake ni kwamba ilikuwa rahisi zaidi akataliwe, baba yake akose mtu bure, na mimi ndiye nilaumiwe. Kukubaliwa kwake hakukusahihisha hesabu yangu wala hakukuiharibu. Hilo nalijua vizuri, na bado usiku ule sikuifurahia simu yake.

Sasa nasoma takwimu katika chuo cha hapa nchini. Wanafunzi wa shule yetu ya zamani huniandikia wakiuliza nafasi zao, na kabla ya alama huwauliza wametoka wapi na walikuwa na nini. Yeye hunitumia picha za theluji. Huzitazama zote, na bado zinaniuma. Kilichobadilika ni kwamba simkadirii tena mtu anayeomba mahali ninapopaomba mimi.