Gango la Jumapili

Basi la kwanza kutoka Kilema halijafika stendi ya Moshi, lakini nyundo ya Kornel Temba imeshaanza kazi. Amekaa kwenye kigoda katika karakana ndogo nyuma ya wodi ya mifupa, kipande cha tairi la lori amekibana kwa magoti, anakikata kwa kisu huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Mluzi wenyewe haujui unakokwenda, ila yeye hajali.

"Tairi la mbele ndilo tamu," anasema bila kuinua uso. "La nyuma limebeba mizigo mpaka limekata tamaa."

Hashoni katambuga za kupeleka sokoni. Tairi hilo litakuwa soli ya gango la mguu: vyuma viwili vyembamba vinavyopita kushoto na kulia kwa muundi, vikashikwa kwa mikanda ya ngozi, ili mfupa dhaifu usibebe uzito peke yake. Kornel, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Majengo, alikuwa fundi viatu wa kawaida kabla hospitali haijamwajiri. Mshahara wake hauna maajabu, na mwaka huu wa 1983, ambapo hata sabuni ni ya kupangia foleni, jozi moja ya viatu vya ngozi, ukibahatika kuiona, inaweza kumeza nusu ya mshahara huo.

Leo anamsubiri Zita, mtoto wa miaka minane kutoka Kilema. Anamtania kila apitaye, lakini macho hayabanduki mlangoni. Picha ya eksirei ya asubuhi hii ndiyo itakayosema kama mguu wa kulia wa Zita umenusurika na hatari au la, na Kornel ana sababu zake za kuiogopa.

Zita alizaliwa na muundi uliopinda kwa mbele. Bibi yake, Epifania, mkulima wa kahawa na migomba, aliukanda kila jioni kwa mafuta ya kondoo akiamini utanyooka. Mwilini mtoto alikuwa pia na madoa bapa, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Hayo hayakumsumbua mtu. Mama yake, Odilia, anayo vilevile, na ukoo mzima uliyahesabu kuwa alama ya kheri.

Mwaka jana Zita alipoanza kuchechemea, Odilia alimleta hospitali. Daktari wa mifupa hakuutazama mguu tu. Alimkagua mtoto mwili mzima, akayahesabu madoa, akamwomba mama naye aonyeshe mikono yake, kisha akaipeleka picha ya mfupa dirishani kwenye mwanga. Ugonjwa huo una jina refu, nyurofibromatosisi. Mtu huzaliwa nao, mara nyingine huurithi kwa mzazi, na wala si laana ya mtu yeyote. Kwa baadhi ya watoto hudhoofisha mfupa wa muundi.

"Daktari alituambia wote, mimi nikiwemo," anakumbuka Kornel. "Mfupa huu ukivunjika, kuunga ni shida kubwa. Unaweza kupasuliwa mara mbili, mara tatu, bado ukakataa, na wengine huishia kukatwa mguu. Dawa ni kuuwahi kabla haujavunjika. Gango kila siku, kila hatua, mpaka atakapomaliza kukua."

Basi Kornel akalitengeneza gango lile kwa moyo wake wote. Katika sanduku la misaada la parokia alikuwa ameona viatu vya mtoto vya ngozi ya kahawia, vizuri kupita kiasi. Aliviomba, akapewa. Akakipigia vyuma kile cha kulia, akang'arisha vyote viwili mpaka ukaweza kujitazama meno. Zita hakuwa amewahi kuvaa viatu maishani mwake. Alipovishwa, alikataa kukanyaga sakafu ya karakana mpaka ifagiliwe.

"Nilicheka," anasema Kornel. "Kumbe palepale nilipaswa kushtuka."

Baada ya miezi mitatu, bibi Epifania alimleta mjukuu kukaguliwa. Zita aliingia peku, gango likiwa mikononi mwa bibi, limefungwa kwenye kanga safi. Kornel alilifungua, akalikuta linameta. Kwanza akavimba kichwa, akasema moyoni kwamba watu wa Kilema wanajua kutunza kazi ya mtu. Kisha akaligeuza. Uzi wa soli ulikuwa mweupe kama siku alipoushona, na mikanda haikuwa na hata dalili ya jasho.

"Zita, unalivaa lini?"

"Jumapili," alijibu mtoto. "Na siku ya Kipaimara cha kaka."

Bibi aliongeza kwa fahari. "Siku nyingine tunaliweka sandukuni, baba. Viatu vya namna hii, akavikanyagie tope la kahawa? Vingekwisha kabla ya Krismasi."

Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Mlimani mtoto mwenye bahati ana viatu, na viatu ni vya misa. Kuchota maji, kukata majani ya ng'ombe na kwenda shule ni kazi za miguu mitupu. Waliambiwa livaliwe kila siku, wakasikia, wakaitika. Lakini kilichowekwa mguuni kilikuwa kiatu, na kiatu wanajua wenyewe kinavyotunzwa.

Picha ilipopigwa siku ile, Kornel alisimama nje ya chumba cha eksirei kama mzazi. Daktari akatoka. "Haujavunjika," alisema. "Ila umepinda zaidi, na katikati umekuwa mwembamba. Tumeponea chupuchupu." Bibi Epifania aliketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga.

Baada ya siku chache alirudi karakanani peke yake, mkungu wa ndizi kichwani na jani la isale mkononi. Kwa Wachagga, anayekuja na isale amekuja kuomba radhi, wala hakataliwi. Kornel alisimama, akalipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Nimepokea," alimwambia. "Ila na mimi ningekuwa na jani ningekupa. Nilimtengenezea mtoto kitu kizuri mno."

Hapo ndipo tairi lilipoingia. Kornel alikitenganisha kiatu na vyuma, akatoboa tundu kwenye kisigino ili vyuma vichomekwe na kuchomolewa. Kisha akatengeneza ndara ya tairi yenye tundu kama hilo. Jumatatu mpaka Jumamosi vyuma vinakaa kwenye tairi. Jumapili vinahamia kwenye ngozi. Daktari aliligeuza gango jipya, akatabasamu, akaagiza na wengine watengenezewe hivyo.

Bibi hakufurahi mara moja. "Mjukuu wangu amekosa nini hata avishwe gurudumu?"

"Mama, gurudumu halijui tope wala mawe. Linatembea tu," Kornel alimjibu. Bibi akaguna, lakini akalichukua.

Tangu hapo fundi huyu ana swali moja kwa kila mzazi: "Gango mnalilaza wapi?" Amesikia mengi. Mtoto mmoja wa Kahe lake lilitundikwa ukutani pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu. La mwingine, wa Sanya Juu, liliazimwa na binamu aende nalo harusini, ingawa binamu miguu yake ni mizima kabisa. Kornel anasimulia hayo akijifuta machozi ya kicheko.

Saa tatu imepita kidogo pale Zita anapotokea mlangoni na bibi yake. Safari hii hakuna kilichofungwa kwenye kanga. Gango liko mguuni, tope jekundu limepanda mpaka kwenye mkanda wa juu, na sauti yake, ka-ta, ka-ta, inatangulia kuingia.

Wanakwenda eksirei. Kornel anashika nyundo, hapigi kitu. Anaiweka, anaishika tena. Hatimaye daktari anakuja mwenyewe pamoja nao, picha mkononi, anaiinua dirishani. Mkunjo haujaongezeka. Pale katikati, palipokuwa pembamba, mfupa umeanza kunenepa.

"Tusishangilie mapema, bado miaka mingi ya kukua," anasema daktari. "Lakini njia ni hii."

Bibi Epifania anafanya ishara ya msalaba. Kornel anamkalisha Zita mezani, anamvua gango, analigeuza. Soli imelika mpaka nyuzi za ndani ya tairi zimetoka nje, na ribiti mbili zimeng'oka. Fundi mwingine angenuna kuona kazi yake imeharibiwa hivyo. Kornel analiinua juu kuwaonyesha waliomo karakanani, na furaha imemjaa usoni waziwazi.

Mtoto amerefuka, vyuma vimekuwa vifupi, kwa hiyo anaanza kupima jipya. Mpango wake ni kumtengenezea gango kila mwaka mpaka atakapokuwa binti mkubwa, na kama umri wa kustaafu utamkuta kabla, la mwisho atalipigia nyumbani kwake Majengo.

"Samahani, fundi," Zita ananong'ona akilitazama gango la zamani. "Nimelimaliza."

"Hili jipya nalo ulimalize," anasema Kornel, kisha anageukia tairi na kuendelea kukata.