Mrija wa Baba Mkubwa

Nakumbuka Jumapili ile, mwanangu, mdogo wangu Faustin aliporudi nyumbani Gisenyi. Alikuwa na miaka kumi na sita, ametoka kwenye kituo cha bweni wanakotibiwa vijana walionaswa na pombe kali na bangi. Alipokwenda kule mikono ilikuwa ikimtetemeka. Siku hiyo alifunga vifungo vya shati mwenyewe. Mimi nilikuwa msichana tu, kazi yangu kupanga viti.

Kwetu anayerudi hapokewi mdomo mkavu. Baba mkubwa, mtu mwema kabisa, alikuja kutoka Mahoko na kidumu cha pombe ya ndizi ili kumshangilia mtoto aliyepona. Hakuna aliyeona ubaya. Akatia mrija, akavuta funda kwanza yeye, kama heshima inavyotaka, kisha akamwelekezea Faustin mrija huo.

"Kunywa, mutoto yangu. Utaniacha mukono hewani?"

Kuukataa mrija wa mkubwa wako mbele ya watu ni kumtukana. Faustin alijua hilo. Akatazama mlango, akamtazama mama, kisha mkono wake ukaanza kwenda. Niliogopa hadi nikasahau kiti nilichobeba.

Nyanya yetu aliipenda pombe ile kuliko sisi sote, nasema hivyo kwa upendo. Akaita kutoka mkekani: "Leteni maziwa. Leo mi nakunywa maziwa." Akapiga funda, akampa Faustin kikombe, halafu akamgeukia baba mkubwa, mwanawe. "Bon, haya. Mama yako amekunywa maziwa. We utakunywa nini?"

Baba mkubwa akacheka kwa aibu, akafunga kidumu. Tukanywa maziwa sote, na sherehe ilipoa kidogo, sitakudanganya. Mwaka uliofuata Faustin aliteleza, akarudishwa kituoni. Alipotoka mara ya pili alimkuta nyanya ameshika kikombe kilekile. Leo ni fundi wa magari, na wanawe hawajawahi kumwona amelewa.

Sasa Jumamosi rafiki yako anatoka kituoni, nawe unataka kumwandalia karamu. Ni vizuri. Lakini usimwachie yeye kazi ya kukataa, maana mwenye nyumba ni wewe. Ondoa chupa kabla hajafika, na wakubwa wakinuna, waambie waje kwangu. Kule walimtibu, lakini ataishi hapa, kati yenu.

Mungu akujalie nyumba yenye kikombe cha kila anayerudi, mwanangu, na moyo wa kukinywea wewe kwanza.